Siku Nilipomfukuza Mtani wa Bibi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote nilizokaa kijijini Kinole, mwanangu, nayo ni siku nilipomfukuza mtani wa bibi yangu akiwa ameshika sahani ya chakula mkononi. Sikuinua mkono wala sikumtukana. Nilimwambia maneno machache tu, tena ya adabu, na mpaka leo nikiyakumbuka nachoka.

Nikikuita mwanangu usinicheke. Najua sina mvi. Nimekuzidi miaka michache, na cheti changu cha chuo bado ni kipya ndani ya bahasha. Lakini upo uchovu unaomzeesha mtu kabla ya wakati, nami niliupata wa kutosha jikoni kwa bibi. Kwa hiyo kaa nikusimulie kama wanavyosimulia wakubwa, na nikizunguka sana univumilie. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitumwa chumvi, nawaza kwanza kama duka litakuwa wazi, kisha kama muuzaji atanijibu vizuri, kisha kama chumvi ikikosekana nitarudi niseme nini. Mpaka nimalize kuwaza, mboga imeshaliwa bila chumvi.

Bibi yangu, mama yake mama, anaitwa Bi Zena. Nyumba yake iko juu ya kijito, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Wakati wa masika alishikwa na homa. Homa ikaondoka, lakini hamu ya chakula haikurudi. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa, wakasema ale kidogo kidogo, mara kwa mara. Kusema ni rahisi. Bibi alikuwa anapokea sahani, anashukuru, anagusa tonge moja, anairudisha. Nguo zake zikaanza kumpwaya. Pete ikahama kidole.

Mama yangu yuko mjini, Mafiga, ana genge la mboga na wadogo zangu wanaosoma, asingeweza kuhamia mlimani. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani nasubiri kuitwa kwenye usaili ambao siitwi. Basi macho yote yakanigeukia. Mama aliniambia nikiwa nafunga begi, "Nenda kakae na bibi yako. Mfanye ale. Asipokula, mwanangu, hatutafika naye vuli."

Ndivyo nilivyopewa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu. Nami nilichojua kupika kilikuwa ugali wa kushiba na mayai ya haraka, chakula cha chumba cha mwanafunzi.

Nilijaribu, mwanangu. Hilo nakuomba uniamini. Nilikuwa namaliza bando kwa kutazama mapishi, napanda mpaka kwenye jiwe kubwa ambako mtandao unashika, nashuka mbio kabla sijasahau. Nilipika supu ya boga kwa tangawizi na mdalasini. Nilikausha ndizi nikazitwanga, nikapika uji wa unga wake. Nyuma ya jiko nilijaza udongo kwenye magunia, nikapanda mchicha na mnafu na mrehani, nikawa nachungulia kila asubuhi kama majani yameongezeka, mpaka bibi akaniambia miche nayo ina aibu, nisiitazame sana. Nilitengeneza hata kichanja cha kukaushia hizo ndizi, kwa mianzi na kamba. Nilikipima mara nyingi kabla ya kukifunga, na bado kilisimama kimeinamia upande wa kijito.

Kila chakula kilinichosha mara mbili, mara ya kwanza kwa kukipika, mara ya pili kwa kukaa mbele ya bibi namtazama mdomo. Akimeza, nashusha pumzi. Jioni chache sahani ilirudi nusu, nikashukuru mdalasini. Akiacha, naanza upya: pengine tangawizi ilizidi, pengine ilipungua, pengine ni sahani, pengine ni mimi.

Sasa nikuambie habari za Mzee Kibwana. Huyu anakaa ng'ambo ya kijito, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu wakati wa mababu. Wewe uliyekulia mjini, kama mimi, huenda umeuona utani misibani tu, ukadhani ni vichekesho vya wazee. Mimi nilidhani hivyo. Mzee Kibwana alikuwa anakuja kila siku jua linapopoa, anaegemea nguzo ya baraza bila kukaribishwa, na kazi yake ilikuwa moja, kutukashifu.

Nilipomwamkia siku ya kwanza, "Shikamoo mzee," alinijibu, "Marahaba, mtoto wa wezi wa ndizi."

Alipokiona kichanja changu alikizunguka polepole, akakigusa kwa fimbo. "Zena! Hiki kitanda mmemtengenezea mgonjwa gani? Au ndicho watakachokubebea?"

"Nitabebwa kwa mabega ya watu," bibi akajibu kutoka mkekani. "Wewe ndiye utakayeburutwa kwa kamba, maana nani atakubali kukubeba na miguu hiyo michafu?"

"Nitakuzika mimi. Nitakuacha miguu nje, kunguru wapate pa kutua."

"Huna nguvu za kuchimba hata shimo la kupandia mgomba."

Wakiendelea hivyo, mimi nilikuwa naingia jikoni na shingo imekaza. Bibi ni mgonjwa, mtu anaongelea kumzika! Na chakula changu hakukiacha salama. Supu ya boga aliinusa akauliza ni ya kunywa au ya kusiliba ukuta. Uji wa ndizi alisema unafaa kubandikia soli za viatu. "Mmesomesha mtoto mpaka chuo kikuu," alisema, "amerudi kuwapikia matope. Ukoo wenu huu, Mungu awaonee huruma."

Nilijifanya sisikii. Lakini nikilala nilikuwa nayarudia maneno yake moja moja. Matope. Kweli ilikuwa nzito ile supu. Pengine ananiambia ukweli ambao wengine wananificha. Pengine kijiji kizima kinajua kwamba namuua bibi yangu kwa majaribio.

Jambo moja sikuliona, na lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Nitalifikia.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mbegu za fenesi. Nilizichemsha, nikazimenya ngozi ile ya ndani inayong'ang'ania, nikaziponda kwenye kinu, nikazirudisha jikoni kwa tui la nazi na kitunguu. Vidole vilikuwa vinauma. Lakini nilipoonja, mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu nifike nilipenda nilichopika. Nikampelekea bibi nikiwa na matumaini ambayo sikuthubutu kuyaonyesha. Alikipokea. Akachota kidogo. Akawa anatafuna polepole, nami nimekaa namtazama.

Mzee Kibwana akatokea. Akaegemea nguzo. Akatazama sahani, akanyoosha mkono, akaichukua kutoka mapajani kwa bibi kama mtu anayechukua mali yake.

"Hiki nakwenda kuwalisha mbuzi," akasema. "Wasipokufa, nitarudi kuwaambia."

Kitu kikakatika ndani yangu. Nilisimama. Nikasikia sauti yangu ikitoka taratibu, sauti ya mtu aliyesoma, "Mzee, tuheshimiane. Bibi anaumwa. Kama huna la kusaidia, naomba usije tena hapa."

 Maji ya kijito yalisikika. Mzee Kibwana alinitazama, na uso wake ukawa wa mtu mwingine kabisa, mzee wa kawaida aliyechoka, mwenye macho mekundu ya moshi. Akaiweka sahani chini, mbele ya bibi, kwa mikono miwili.

"Haya, baba," akasema. "Nimesikia."

Akashuka zake.  Bibi aliisukuma sahani pembeni, akaingia ndani, akalala akiutazama ukuta.

Tangu jioni ile bibi hakula tena. Hata lile tonge moja la kunifurahisha aliliacha. Alikuwa anakunywa maji na chai ya mchaichai, basi. Nilipika supu, nikapika uji, nikachuma mnafu wangu wa kwanza kwenye gunia ukiwa bado mchanga. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Mama akawa anapiga simu, "Amekula?" nami nasema, "Kidogo," kisha nakaa juu ya lile jiwe kubwa nimeshika simu, sitaki kushuka. Nilikuwa nimechoka uchovu wa mifupa. Nilianza kuwaza namna ya kumwambia mama akodi gari tumpeleke mjini, na kama njia ile ya mashimo ataiweza, na kama asipoiweza itakuwa ni mimi.

Asubuhi moja nilimpelekea uji nikapiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, vijiko viwili tu."

"Weka hapo."

"Nikiweka hutakula."

"Basi unajua."

Nikashindwa kujizuia. "Bibi, nimekukosea nini? Mimi nilikuwa nakutetea!"

Akageuka. Ilimchukua muda, maana hata kugeuka kulikuwa kazi. "Ulikuwa unanitetea kwa Kibwana?" Alijaribu kucheka, pumzi ikakataa. "Kibwana ndiye aliyemchimbia babu yako kaburi. Alipomaliza alilala ndani yake, akakoroma, akasema ngoja apime kama kuna baridi. Nikacheka, mjukuu wangu. Nilikuwa nimelia mpaka sauti imeisha, na nikacheka. Jioni ile ndipo nilipokula."

Nikaliweka bakuli la uji chini.

"Tangu niugue, kila anayeingia hapa anapunguza sauti. Pole bibi. Pole mama. Mama yako akipiga simu, pole. Wewe unaniletea chakula kama mtu analeta dawa, unakaa unanitazama mdomo. Nikimeza, unashusha pumzi. Nitakula vipi na mtu anayenitazama hivyo? Kibwana peke yake ndiye alikuwa anakuja kugombana na mimi. Sasa nitagombana na nani?"

Hapo ndipo nilipoliona lile ambalo sikuliona. Zile sahani chache zilizorudi nusu, nami nikashukuru mdalasini, zote zililiwa jua linapopoa, Mzee Kibwana akiwa pale barazani. Bibi alikuwa anakula katikati ya maneno. Anatafuta jibu, anatia tonge mdomoni, anajibu, anatia lingine. Alikuwa anakula ili apate nguvu za kumjibu, na ili yule mzee asipate nafasi ya kumnyang'anya.

"Kamrudishe," bibi akasema.

"Nitamrudishaje?"

"Anayemkasirikia mtani anatozwa. Mchukue yule jogoo mwekundu. Na usiende kuomba msamaha. Ukienda kuomba msamaha utakuwa umeharibu kabisa."

"Sasa nikaseme nini?"

"Wewe si ndiye unayewaza sana?" Akafumba macho. "Waza."

Nilishuka kijitoni nimemkumbatia jogoo, natafuta tusi. Hujawahi kuniona nimehangaika kiasi kile, hata kwenye mitihani. Nimefundishwa tangu utotoni kumwamkia mkubwa na kuinamisha kichwa, na sasa natakiwa kumkashifu mzee aliyemzika babu yangu. Tusi la kwanza nililotunga niliona kali mno. La pili lilikuwa la kitoto. La tatu lilikuwa zuri, lakini nilipovuka maji nikalisahau. Jogoo naye alikuwa ananipiga mabawa usoni.

Mzee Kibwana alikuwa uani kwake, ameinama anageuza karafuu kwenye jamvi. Aliniona, akajifuta mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu. Bibi yako anaendeleaje?"

Mwanangu, nilitamani aniite mtoto wa wezi. Heshima ile ilikuwa mlango uliofungwa. Akanivutia kigoda, akanisubiri niseme, kama anavyomsubiri mgeni yeyote. Nilifungua mdomo, na nikasikia msamaha unakuja wenyewe, umepangwa vizuri na utangulizi wake. Nikaumeza.

"Nimekuletea jogoo," nikasema.  "Tumekuona umekonda, mzee. Na ukoo wetu ndio utakaokuzika. Hatutaki kubeba mifupa mitupu, jeneza litapiga kelele njia nzima."

 Aliniangalia mimi, akamwangalia jogoo. Nikawaza nimeharibu kila kitu, nimemuua bibi kwa tusi moja. Kisha akamchukua jogoo, akamning'iniza kwa miguu, akampima kwa mkono.

"Huyu kweli ni wa kwenu," akasema. "Macho makubwa, nyama hakuna." Akamfunga kwenye mguu wa benchi, akatafuta fimbo yake. "Zena bado hajafa?"

"Bado."

"Uvivu huo. Twende."

Alianza kupiga kelele kabla hatujamaliza kupanda. "Zena! Toka nje! Umefikia kununua watu kwa jogoo wa kideri?"

Nilisikia mlango. Bibi alitoka ameshika ukuta, miguu inatetemeka, akajishusha kwenye mkeka. "Nilisikia harufu," akasema, "nikajua ni wewe. Kijito chote kile na bado hujaoga."

"Nimekuja kupima urefu wako. Jembe limeshanolewa."

"Utatangulia wewe. Mimi namsubiri mjukuu wangu aoe." Akanigeukia. "Wewe, kuna nini jikoni?"

Jikoni kulikuwa na mbegu za fenesi nilizoziponda tangu asubuhi bila moyo, zimepoa, tui limeganda juu. Nikaanza kusema ngoja nipashe moto, ngoja niongeze kitunguu, dakika chache tu. Bibi akanikatiza, "Lete hivyo hivyo, kabla huyu hajaingia kuiba."

Nikaleta. Mzee Kibwana akawa wa kwanza kutia mkono, akatafuna, akakunja uso. "Hakina chumvi."

Bibi naye akaonja. "Kweli hakina chumvi."

Na chumvi ilikuwa imeisha. Nilikimbia dukani. Nilipofika, nikiwa nahema mbele ya muuzaji, ndipo nilipogundua kwamba njia nzima sikuwaza kitu. Nikarudi mbio na pakiti mkononi, nikawakuta bado wanarushiana maneno, na sahani iko katikati yao, imebaki michirizi ya tui.

"Umechelewa," Mzee Kibwana akasema, akijilamba kidole. "Ndivyo mlivyo ukoo mzima."

Bibi hakunitazama. Alikuwa anatafuta jibu la kumrudishia.

Sitakudanganya kwamba alipona siku ile. Zipo siku anakula, zipo siku anakataa, na mimi bado nimechoka. Vuli tumefika naye, na hiyo ndiyo habari niliyompigia mama. Usaili bado sijaitwa. Nimehamisha mrehani kutoka kwenye magunia kwenda ardhini. Kichanja kimeinama zaidi, lakini ndizi zinakauka. Napika vitu vipya karibu kila siku, na vingine ni vibaya kweli, Mzee Kibwana hajakosea. Jana nilitia shelisheli kwenye mchuzi wa nazi, akaniuliza ni sponji ya godoro la nani. Nikamwambia ni la kwake, tulilichana. Bibi akapaliwa kwa kicheko, nikalazimika kumpa maji.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, wewe unayekaa na wazo lako kichwani ukiligeuza upande huu na upande ule. Litoe nje. Pika, shona, panda, funga mianzi yako hata kama itainama. Usisubiri kichanja kinyooke ndipo uanike ndizi, maana ndizi zitaoza ukiwa bado unapima. Na ulichokifanya kiweke mbele ya watu kingali na kasoro zake, kwa sababu kasoro ndizo zinazowapa watu cha kusema, na mahali penye maneno mtu hukaa akala.

Watakucheka. Wakikucheka, usitazame mdomo, tazama miguu. Yupo anayekucheka kisha anaondoka, huyo mwache aende, usimpeleke kitandani ukalala naye kichwani kama nilivyokuwa nafanya mimi. Na yupo anayekucheka kisha anaegemea nguzo yako, na kesho yake jua likipoa anarudi. Huyo ni wako. Usimfukuze kwa adabu. Na ukimpikia anayeumwa, mpe chakula kama mtu anayeishi. Usimtazame mdomo.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kuharibu. Akupe jiko lisilozima, udongo unaokubali mbegu, na mtu ng'ambo ya kijito ambaye hatakuonea huruma. Na siku utakapochoka, kwa maana utachoka, akujalie kusikia sauti inapanda njiani ikikutukana, ujue kwamba chakula chako kina mlaji.